Anayechuna Ardhi Aweke Dhamana

Hapa West Virginia, Marekani, raha yangu iko kwenye matangazo madogo ya gazeti la wilaya. Kampuni ya makaa ya mawe ikitaka kurudishiwa dhamana, yaani fedha iliyoweka kuahidi kwamba itarekebisha ardhi, sharti itangaze mara moja kwa wiki, wiki 4 mfululizo: eneo liko wapi, ekari ngapi, iliweka dola ngapi, inaomba kiasi gani. Baada ya tangazo la mwisho jirani ana siku 30 za kupinga. Anayeyajua mashimo yetu kule Tanzania atanielewa.

Kifusi cha machimbo ya makaa Waingereza hukiita "spoil". Asili yake ni Kilatini, spolium: ngozi iliyochunwa mnyama. Baadaye ikawa silaha na nguo alizovuliwa adui vitani, neno likapita kwa Wafaransa, hatimaye likaangukia udongo na mawe yanayofunuliwa juu ya makaa. Jina limekaa mahali pake. Ardhi imechunwa, na mchunaji anadaiwa.

Sheria aliyotia saini Rais Carter Agosti 3, 1977 inataka dhamana isiyopungua dola 10,000 kabla ya kuchimba. Udongo wa juu huondolewa na kutunzwa peke yake, usichafuliwe na mwamba wenye pairiti, madini ya chuma na salfa; pairiti ikikutana na hewa na mvua huzaa asidi, na mto hugeuka rangi ya kutu. Shimo likishafukiwa na mteremko kurudishwa karibu na ulivyokuwa, hadi asilimia 60 ya fedha inaweza kuachiliwa. Nyingine husubiri mimea ishike, na ya mwisho haitoki kabla ya miaka 5 tangu upandaji wa mwisho. Miaka mingi mabuldoza yaliushindilia udongo mno, miti ikadumaa. Sasa wataalamu wanashauri futi 4 za udongo uliolegea.

Mtasema majuu yamenipanda kichwani, kwani hawahawa walikata vilele vya milima. Kweli. Mwamba ukivunjwa huongezeka ujazo, hautoshi tena shimoni, na ziada imefukia vijito mabondeni. Buffalo Creek, bonde la hapahapa West Virginia, Februari 1972, mabwawa ya mabaki ya makaa yalipasuka, watu 125 wakafa. Sheria ilikuja miaka 5 baada ya mazishi.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Madini ya 2010 inaitaja dhamana ya kurekebisha ardhi. Makaa ya Mbinga yanachimbwa kwa shimo la wazi vilevile. Basi kiasi kilichowekwa kisomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa shilingi, pamoja na jina la ofisi inayokishika.