Daktari Ameniambia Hajui

Nilikaa kwenye simu dakika 40, tangu saa mbili kamili asubuhi zahanati inapofungua laini zake, mpaka nikapata nafasi ya dakika 10. Nikafika, nikajieleza. Miguu inauma. Ngazi za nyumba ninayoishi hapa Leeds, Uingereza, nazipanda kama bibi. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, wiki ya 6 sasa. Daktari akatazama majibu ya damu niliyotoa awali, akanitazama na mimi, akasema hajui. Akanipa karatasi niandike kila siku kinachouma, saa ngapi, na nilikuwa nafanya nini, halafu nirudi baada ya wiki 2.

Hata Panadol sikupewa.

Nilitoka pale nimefura. Miaka 4 nakesha kwenye nyumba za kulelea wazee nikigeuza watu vitandani, kodi yao wanaikata kila mwezi, halafu naambiwa "sijui"? Kwetu Korogwe, Tanzania, nisingetoka mikono mitupu. Korogwe sijamaliza hata kushusha mkono wa blauzi, nimeshapewa malaria wawili, taifodi, na UTI kama nyongeza, na bahasha ya sipro juu.

Mnajua ninachosema. Nani kati yetu hana taifodi yake? Mimi niliitibu mara 9 kabla ya kutimiza miaka 30, na siwezi kuapa kwamba hata moja ilikuwa ya kweli. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba kile kipimo cha Widal, cha tangu mwaka 1896, hakimtafuti mdudu. Kinatafuta askari wa mwili. Kama uliwahi kuugua zamani, askari wanaweza kuwa bado wanazurura kwenye damu, na karatasi inakuandika mgonjwa. Kwa nchi kama yetu, kupima mara moja tu hakuthibitishi kitu. Sisi kunatutosha.

Tayari nawasikia. "Huyu kakaa na Wazungu miaka 4, leo zahanati zetu zinanuka." Sina ubavu huo. Namjua mganga wa foleni inayofika barabarani, na nisingeweza kazi yake hata nusu siku. Tena lawama nyingi ni zetu. Daktari akikuambia upumzike kwanza aone hali inavyokwenda, unatoka nje unasema yule bado anajifunza, unavuka barabara mpaka duka la dawa. Mimi nimeivuka hiyo barabara mara nyingi. Tunataka jina. Jina likishapatikana, mama anajua la kumwambia jirani, bosi anakubali usije kazini, na mwili unaambiwa unyamaze.

Ile karatasi sasa. Siku ya kwanza niliandika "mwili mzima unauma", nikaona aibu. Mwili mzima ndio wapi? Na lugha yetu ilivyo tajiri kwa maumivu! Kuna kupwita, kufukuta, kusokota, kukata, kuvuta, kuchoma. Bibi yangu alikuwa akilitofautisha tumbo la kusokota na tumbo la kukata bila kuuliza mara mbili. Mimi, na elimu yangu yote, nilikuwa nimebaki na neno moja, homa. Basi nikaandika kwa Kiswahili, nitatafsiri mbele ya safari. Kufikia siku ya 10 nilikuwa najua kwamba hauumi mwili mzima. Kunafukuta kwenye miundi, miguu yote miwili, na nikibonyeza mfupa ndiyo kabisa. Nikakumbuka pia kwamba baridi iliyopita ilikuwa hivihivi, nikasingizia kazi.

Daktari alisoma, akauliza swali moja ambalo sikulitegemea: unatoka nje saa ngapi? Sitoki. Zamu za usiku, mchana nimelala, pazia nimeshusha. Huku kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua halimtoshi hata Mzungu mwenyewe kutengeneza vitamini D, sembuse ngozi yangu. Serikali yao inashauri mikrogramu 10 kwa siku, na watu weusi wafikirie kuzimeza mwaka mzima. Nilipopimwa, yangu ilikuwa chini kabisa. Mtoto wa Korogwe, kaumwa kwa kukosa jua! Cheka tu, mimi nilicheka.

Wala msidhani huku ni peponi. Jessica Brady, binti wa miaka 27, Mwingereza wa kwao, aliwasiliana na zahanati yake mara zaidi ya 20 akisema mwili wake hauko sawa. Ilikuwa saratani, akafariki Desemba 2020. Mwaka 2025 ndipo England ikaweka kanuni yenye jina lake: mgonjwa akirudi mara ya 3 na tatizo lilelile, daktari aanze kufikiri upya. Kwa hiyo "sijui" nayo ina namna mbili. Kuna ya kukutoa mlangoni, na kuna ya kukuambia rudi. Mimi niliangukia ya pili, na nakiri ni bahati.

Miguu imepona. Moyo bado unanidunda nikiwa nimekaa tu, mara nyingi alfajiri, na huo hawajaupatia jibu. Naandika. Mama anapiga simu kila Jumapili.

"Wamesema nini?"

"Bado hawajajua, mama."

"Basi hao si madaktari. Waambie wakupime malaria."

Desemba nilikwenda nyumbani likizo. Siku ya 3 joto likapanda. Nikaenda kwenye maabara moja ya mtaani, kipimo cha malaria kikasoma hasi. Kijana akanitazama, akamtazama mama, akasema tunaweza kuanza dawa mseto tu, kwa usalama. Nilifungua mdomo nimhubirie. Mama akanishika goti.

Nilimeza dozi yote.