Gari Linanuka, Soksi za Mjomba Zashtakiwa

Mjomba alikuwa kavua viatu. Nalisema hili mapema kwa sababu harufu ilipozuka ndani ya gari, hakuna aliyeona haja ya upelelezi. Mimi niko kwenye usukani, shemeji kakaa kando yangu, na nyuma mke wangu kabanwa katikati ya mama yake na mjomba wangu.

"Jamani, kuna kitu kinaungua," akasema mama mkwe, macho kayakaza kwenye miguu ya mjomba.

Shemeji hana leseni, ila kiti cha mbele amekikalia miaka mingi hadi amejitawaza fundi. Akatoa hukumu papo hapo. "Klachi hiyo, shem. Mguu wako haubanduki kwenye pedali."

Mguu wenyewe ulikuwa umetulia pembeni, yeye mwenyewe anauona. Tena klachi ikiteleza, injini hupiga kelele nyingi na mwendo hauongezeki. Sisi tulikuwa tunapanda kilima bila shida yoyote. Handbreki iko chini. Mshale wa joto uko katikati. Dashibodi haina taa hata moja ya kututisha.

Mjomba, kwa kuwa ndiye mshtakiwa, akajitetea kitaalamu. "Maji ya rejeta yakivuja, mngesikia harufu tamu tamu. Betri ikichajiwa kupita kiasi, mayai viza. Oili ikidondokea ekzosi, hunuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Hapa kinachoungua ni mpira."

"Na soksi je?" mama mkwe akauliza kwa upole wa hakimu.

"Soksi zangu zina harufu yake, mama. Hii si yake."

Hapo nikakumbuka kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Hewa ya nje huingilia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, jirani kabisa na injini. Ukiyafunga na harufu ikazidi, basi mhalifu mnaye ndani. Nikabonyeza. Gari zima likanyamaza, pua juu. Harufu ikapungua. Nikafungua tena matundu, ikarudi imejaa hasira.

"Mjomba, umeachiwa huru," nikatangaza. Akataka aombwe radhi. Mama mkwe akageukia dirishani, akaanza kusifia miti.

Nikaegesha pembeni, nikawasha taa za dharura na kuzima injini. Wote wakashuka, mama mkwe akiwa wa mwisho, mkoba kaukumbatia, akaenda kusimama mbali akisema hasogei ng'o. Mjomba akapiga magoti na kunusa tairi la kwanza, kisha la pili. Dereva mmoja akapunguza mwendo ili atusaidie, akamwona mzee mzima kainamisha kichwa mbele ya gurudumu, akakanyaga mafuta akaenda zake.

Mimi nikawa napeleka kiganja karibu na rimu, bila kugusa. Za mbele zilikuwa na joto kuliko za nyuma, na ndivyo inavyotakiwa, maana breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Muhimu ni kwamba kushoto na kulia zililingana. Breki ikiwa imeng'ang'ania, gurudumu moja lingekuwa linawaka peke yake.

Ikabaki boneti. Shemeji keshashika chupa ya maji, anataka kuifungua kwa kishindo na kumwaga. Nikamzuia: kama kuna moto, boneti ikifunguka ghafla unaupa hewa, na maji baridi kwenye chuma cha moto huweza kukipasua. Nikachukua mtungi wa kuzimia moto, nikainua boneti kidogo tu, nikachungulia. Moshi mwembamba, mwali hakuna. Nikaifungua yote.

Yule asiyesogea ng'o ndiye aliyetangulia kuchungulia.

"Uwiii! Mkono!"

Ni kweli. Kati ya manifoldi ya ekzosi, lile bomba linalopokea moshi wa injini, na bati lake la kukinga joto vilitokeza vidole vyeusi, vitatu vimenyooka, viwili vimelegea kwa kuyeyuka, vinafuka moshi. Mjomba akavua kofia. Shemeji akarudi nyuma na chupa yake ya maji. Mke wangu ndiye aliyeinama akatazama, kisha akasema, "Hiyo si glavu?"

Glavu ya mpira! Ya fundi aliyetubadilishia gasketi ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu ya injini. Tukasubiri injini ipoe, nikaivuta kwa koleo. Kiganja kikatoka, dole gumba likabaki limeganda kwenye manifoldi, mjomba akalikwangua kwa kijiti huku akimtupia mama mkwe jicho la ushindi. Nikakagua nyaya za jirani, hakuna uliobabuka. Nikapima oili, iko sawa. Mabaki yataendelea kunuka mpaka yaungue yaishe, nikawaambia, msije mkaanza upya. Shemeji akasema sawa, lakini klachi nayo imechangia.

Tukaingia garini. Kabla ya kuondoka nikampigia fundi, sauti nikaiweka juu wote wasikie.

"Fundi, umetuachia glavu kwenye injini."

Kimya. Kisha akauliza, "Ya kulia au ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Ahaa. Basi hebu angalia vizuri, bosi. Hata ya kulia siioni."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama mkwe keshashuka, na mkoba wake.