Treni Moja, Viwanja Viwili: Kwa Nini Cubs Hujaza na White Sox Hawajazi

Panda treni ya Red Line kituo cha Addison, kaskazini mwa Chicago, tulia, kisha ushuke kituo cha 13 mbele, Sox-35th. Ni kama kilomita 13, na hujabadilisha treni hata mara moja. Umetoka Wrigley Field, uwanja wa timu ya besiboli ya Cubs, umefika Rate Field kwa watani wao White Sox. Jiji moja, reli moja, nauli ileile. Lakini mwaka 2024 Cubs waliuza tiketi takriban milioni 2.9, White Sox takriban milioni 1.38.

Utasema jibu ni rahisi, maana mwaka huo Sox walipoteza mechi 121, kipigo ambacho hakijawahi kuipata timu yoyote ya ligi kuu ya besiboli tangu 1900. Sawa, tuuweke kando mwaka 2024. Chukua 2006. White Sox ndio mabingwa watetezi, wametoka kutwaa World Series, fainali ya ubingwa wa ligi kuu, ya kwanza tangu 1917, na msimu huo wanashinda mechi 90. Cubs wanapoteza 96 na kushika mkia wa kundi lao. Tiketi: White Sox milioni 2.96, Cubs milioni 3.12. Au 2012: Sox wanaongoza kundi lao kwa sehemu kubwa ya msimu mpaka mwishoni mwa Septemba, wanauza chini ya milioni 2. Cubs wanapoteza mechi 101, wanauza karibu milioni 2.9.

Kwa hiyo si suala la ushindi peke yake. Wala si kwamba watu wa kusini mwa jiji ni mashabiki maandazi, kama wanavyopenda kusema watani wao wa kaskazini. Ukitazama namba za miaka mingi, shabiki wa White Sox ndiye wa kawaida: timu ikicheza vizuri anakuja, ikiharibu anabaki nyumbani. Wa ajabu ni wa Cubs, na uajabu wake ulitengenezwa. Ninaamini ulitengenezwa na runinga kwanza, zege likafuata.

Neno moja kuhusu takwimu zenyewe, maana watu hupigana nazo vibaya. Idadi inayotangazwa ni ya tiketi zilizouzwa, si ya watu waliokaa vitini. Aliyelipa akabaki nyumbani amehesabiwa. Na hadi 1992 ligi mbili zinazounda ligi kuu zilihesabu tofauti: American League, waliko White Sox, ilihesabu tiketi zilizouzwa; National League, waliko Cubs, ilihesabu waliopita getini. Tangu 1993 zote zinahesabu mauzo. Ni mwaka huohuo Cubs walipowapita Sox, na hawajashikwa tena. Wamewapita kweli, ila sehemu ya ule mruko ni ya karani.

Sasa, wengi wakiulizwa kuhusu Cubs hukutajia uwanja: Wrigley wa 1914, ukuta wa matofali uliofunikwa na mmea unaotambaa, ubao wa matokeo unaobadilishwa kwa mkono. Uzuri huo haubishaniwi. Lakini mmea ule ulipandwa 1937, na tarehe 21 Septemba 1966 palepale, mbele ya ukuta uleule, waliingia watu 530. Mia tano na thelathini, mechi ya ligi kuu. Msimu mzima wa 1966 Cubs hawakufikisha watu 640,000. Miaka ile ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 jiji lilikuwa la White Sox. Mwaka 1959 walipotwaa ubingwa wa ligi yao walipata watu zaidi ya milioni 1.4, Cubs kama 860,000. Kama ukuta na majani ndivyo vinavyojaza viti, vilikuwa vimelala usingizi gani miaka yote hiyo?

Kilichobadilika ni nani alionekana sebuleni, na kwa bei gani.

Hadi 1967 timu zote mbili zilirushwa na WGN, kituo kikubwa cha bure. Mwaka 1968 White Sox wakahamia WFLD, chaneli ya 32, walikoahidiwa mechi nyingi zaidi. Kwenye karatasi ilikuwa biashara nzuri. Tatizo lilikuwa ndani ya runinga zenyewe: chaneli za namba za juu zilirushwa kwa masafa ya UHF, na sheria ya Marekani ilianza kulazimisha kila runinga mpya iyapokee mwaka 1964 tu. Mwenye runinga ya zamani alihitaji kifaa cha kuongezea na antena nyingine, na hata akivipata, picha ilikuwa na chenga. Cubs wakabaki WGN peke yao.

Halafu fikiria saa. Wrigley haikuwa na taa hadi Agosti 1988, kwa hiyo kila mechi ya nyumbani ilichezwa mchana, nyingi zikianza saa 7:20. Mtoto anatoka shule, anatupa begi, anawasha runinga: mechi bado ipo katikati, bure, bila kumwomba baba hela. Kesho hivyohivyo. Watu huchukulia ukosefu wa taa kama ukaidi wa familia ya Wrigley iliyomiliki timu, na huenda ulikuwa ukaidi, lakini hakuna tangazo ambalo lingefanya kazi kama hiyo. Mwaka 1978 WGN ikaanza kurushwa kwa setilaiti nchi nzima, na 1981 kampuni ya Tribune, mmiliki wa WGN, ikainunua timu yenyewe. Cubs wakawa na watoto hadi jimbo la Iowa na mbali zaidi.

White Sox nao walifanya nini? Mwaka 1982 wamiliki wapya, Jerry Reinsdorf na Eddie Einhorn, wakaanzisha SportsVision: mechi nyingi zikafungiwa kwenye king'amuzi cha kulipia kila mwezi. Leo king'amuzi ni kitu cha kawaida. Wakati ule, katika jiji ambalo jirani yako anatoa besiboli bure kila mchana, kilikuwa ni kumfukuza mteja. Mtangazaji Harry Caray, aliyekuwa sauti ya Sox tangu 1971, akavuka jiji kwenda Cubs mwaka huohuo, akaondoka na ule mtindo wa kuimbisha uwanja mzima katika iningi, yaani awamu ya mchezo, ya saba. Mtindo huo watu wanaujua kama mali ya Wrigley. Ulianzia kusini.

Hata hivyo Sox hawakufa. Walipofungua uwanja mpya mwaka 1991, ndio Rate Field ya leo, waliuza tiketi milioni 2.9, Cubs milioni 2.3. Upya wa jengo ulivuta watu, na hapo ndipo walipopewa nafasi ya pili. Jengo lenyewe ndilo lililowaangusha, tena kwa sababu ambazo mtu anaweza kuzipima kwa futi.

Comiskey Park ya zamani, uwanja wao wa awali wa 1910, ilikuwa na nguzo za chuma katikati ya viti. Ukiangukia kiti cha nyuma ya nguzo, humwoni mrushaji. Lakini nguzo hizohizo ndizo zilizolibeba jukwaa la juu likasogea mbele, karibu kumwinamia mchezaji. Uwanja mpya ukaziondoa. Jukwaa likapoteza mguu wa mbele, hivyo likarudishwa nyuma. Kisha kati yake na jukwaa la chini zikachomekwa safu za vyumba vya wenye fedha, hivyo likapandishwa juu pia. Nyuma na juu kwa wakati mmoja, matokeo yake ni mteremko mkali, na mstari wa kwanza wa jukwaa la juu ukawa mbali na mchezo kuliko mstari wa mwisho wa jukwaa la juu la zamani. Kwa miaka mingi mwenye tiketi ya huko juu hakuruhusiwa hata kushuka kuzunguka kwenye maduka ya chini. Uwanja uligeuzwa kutazama kusini-mashariki, kwa hiyo majengo marefu ya katikati ya jiji, mandhari ambayo wengine wangelipia, yako nyuma ya migongo ya watazamaji. Mechi ya kwanza, Detroit iliwapiga 16 kwa 0, lakini hilo tuwasamehe. Mwaka uliofuata Baltimore ikafungua uwanja wa Camden Yards, wa matofali, katikati ya mji, na uwanja wa Chicago ukazeeka ukiwa na umri wa mwaka mmoja.

Walijua. Kabla ya msimu wa 2004 waling'oa mistari minane ya juu kabisa, viti kama 6,600, wakaweka paa. Ukarabati mzuri, na leo uwanja ule si mbaya hata kidogo kukaa. Ila wasichoweza kung'oa ni mazingira: maegesho pande zote, na ubavuni barabara kuu ya Dan Ryan. Baa ya McCuddy's, iliyokuwa mkabala na uwanja wa zamani, ilibomolewa kupisha ujenzi. Shabiki wa Sox huja na gari, huchoma nyama kwenye maegesho, huingia, hutoka, huondoka. Wrigley karibu haina maegesho, na hilo linaloonekana kasoro ndilo linalowashikilia watu: wanakuja kwa treni, wanafika mapema, baa zimezunguka ukuta, wanaondoka usiku. Cubs wanakuuzia siku nzima, na mechi ikiharibika bado siku inabaki. Sox wanakuuzia mechi. Ikiharibika, umenunua nini?

Hapa ndipo hesabu ya tiketi inapobana. Tiketi za msimu, yaani za mechi 81 za nyumbani au fungu lake, huuzwa zaidi wakati wa baridi kabla msimu haujaanza. Ndiyo maana ubingwa wa Oktoba 2005 ulionekana kwenye mauzo ya 2006, yaliyoruka kutoka milioni 2.34 hadi 2.96. Timu yenye wanunuzi wengi wa msimu hubakiwa na viti vichache, basi mwenye kutaka kimoja hukimbilia mapema. Isiyo nao, kila mtu anajua Jumanne ya Aprili viti vitakuwepo, na mtandaoni vitauzwa bei ya kutupa. Kwa nini anunue Januari? Anasubiri. Siku inafika, kuna nyuzi 5 na mvua ya manyunyu, anabaki nyumbani. Mwenzake wa Cubs naye labda amebaki nyumbani, lakini alishalipa na ameshahesabiwa.

Kuna hoja ya usalama pia, ambayo husemwa kwa kunong'ona: kwamba watu wa vitongoji vya nje waliogopa kusini. Ng'ambo ya Dan Ryan kulikuwa na majengo marefu ya makazi ya umma ya Stateway Gardens, na woga ule ulikuwepo kweli, mwingi wake ukiwa ubaguzi tu wa rangi. Lakini jengo la mwisho lilibomolewa 2007, na baada ya hapo mauzo ya Sox yalishuka, hayakupanda.

Mkataba wa Sox kwenye uwanja huo unafika 2029. Walitaka kuhamia kiwanja kiitwacho The 78, karibu na katikati ya jiji, kisha mwaka 2025 timu ya soka ya Chicago Fire ikatangaza itajenga yake hapohapo. Popote watakapokwenda, ninachowaombea ni mitaa inayofika hadi ukutani na jukwaa la juu lililosogezwa mbele, hata kama nguzo mbili tatu zitarudi. Watakaolalamikia nguzo watakuwa angalau wamekuja.

Na runinga? Mwishoni mwa 2024 Sox walihamia kituo kipya, Chicago Sports Network, na Comcast, kampuni kubwa ya kebo ya jiji, haikukibeba hadi Juni 2025. Njia ya bure ya kukipata ilikuwa antena. Mtu wa 1968 angelitambua tatizo hilo mara moja. Ila safari hii jirani naye hatoi bure: Cubs waliiacha WGN baada ya msimu wa 2019, na tangu 2020 wako kwenye chaneli yao ya kulipia. Mtoto anayetupa begi leo saa tisa mchana hakuti timu yoyote.