Huo mwaka wa kupakapaka

Baada ya mazoezi ya kwaya, dada mmoja hapa Mbeya alivua kilemba akaniuliza kama mafuta ya karafuu yatamsaidia. Nilipitisha kidole utosini: ngozi laini, inang'aa, hata vitundu vya nywele havionekani. Kuzunguka kipara panawasha, akasema, na akisukwa panamuuma. Ameshapaka maji ya vitunguu, mafuta ya parachichi kutoka Rungwe, na kichupa kisicho na lebo alichouziwa Mwanjelwa. Vyote kwa pamoja, mwaka mzima.

Mwaka huo ndio unaonisikitisha. Kipara cha namna hii, kinachoanzia utosini na kutanuka, huwapata zaidi wanawake weusi. Uvimbe wa ndani kwa ndani huharibu mashina ya nywele, kisha kovu linakaa mahali pake. Kovu likishakomaa, mafuta hayaoteshi kitu. Kinachookolewa ni mashina yaliyobaki hai pembeni, kwa hiyo dawa za kutuliza uvimbe, kama klobetasoli ya kupaka au sindano za steroidi kichwani, zinahitajika mapema. Na kwanza daktari wa ngozi akate kipande kidogo cha ngozi ya kichwa akipime. Najua kwa mtu wa Makete au Chunya hiyo ni safari na nauli.

Siku hizi inatajwa metformini, dawa ya kisukari, iliyotengenezwa ya kupaka. Mwaka 2020 madaktari Marekani waliripoti wanawake wawili ambao dawa nyingine zilishindwa, na walipopaka hii nywele zikaota tena. Wawili tu! Natamani sana majaribio makubwa yafanywe, na vichwa vya kwetu Nyanda za Juu Kusini vihesabiwe humo. Ila nimeshamwona binti akisaga vidonge vya mama yake na kuvikoroga kwenye mafuta ya nazi. Kipimo hakijui, na mama kapungukiwa dozi.

Dada yule nilimwambia aache rasta za kubana, aache vyote anavyopaka, aende kupimwa. Atakachopewa akitumie hicho hicho, na kila mwezi apigwe picha ya utosi, mahali pale pale, mwanga ule ule. Asikimbilie kutazama kama zimeota. Atazame kama muwasho umepungua na kama ukingo wa kipara umesimama.

Picha ya kwanza nilimpiga mimi, mlangoni mwa kanisa, saa kumi jioni.