Taa Imegoma, Kwa Hiyo Tuunge Waya Kwenye Betri?

Jirani yangu karudi kutoka gereji anachekelea: taa ya kulia iliyogoma muda mrefu sasa inawaka. Dawa yenyewe? Waya mwekundu kutoka kwenye betri, umepitishwa ubavuni mwa rejeta, ukazungushiwa selotepu, ukaishia kwenye swichi ya kuwashia taa ya sebuleni. Fyuzi hakuna. "Kompyuta ya gari ilikuwa inazingua," ndivyo alivyoambiwa.

Haikuzingua. Ilikuwa kazini. Kwenye gari lile umeme wa taa unapita kwenye transista, yaani swichi za kielektroniki ndani ya hiyo kompyuta, zinazopima mkondo muda wote. Shoti ikitokea, zinakata kabla hujapepesa jicho. Ikijirudia sana, njia ile inafungwa mpaka aje mtu mwenye mashine ya kufuta kosa. Tulipofungua taa, soketi ya balbu ilikuwa imeyeyuka, na nyuma yake waya uliochubuka unagusa bati la bodi ya gari. Yaani shoti ipo pale pale, aliyefukuzwa ni mlinzi! Kilichotakiwa ni soketi mpya na kuziba ule mchubuko, basi.

Wengine wataniambia fyuzi ya zamani ilitosha. Ilitosha wapi? Fyuzi ya ampea 10 ukiipitishia 13 na nusu, inaruhusiwa kuvumilia hadi dakika 10 kabla ya kukatika, huku plastiki ya waya inapikika. Transista inaweza kupangwa kulingana na waya wenyewe, na bado ikaivumilia balbu ya baridi, ambayo ikiwashwa tu hunywa karibu mara kumi ya mkondo wake wa kawaida. Isitoshe, fyuzi zetu tunazijua. Ikiungua mara mbili inawekwa ya 30, au karatasi ya sigara.

Haya, nakubali: transista ikifa, mara nyingi hufa huku inapitisha umeme, kwa hiyo fyuzi kubwa nyuma yake bado inahitajika. Na watengenezaji wanaotusumbua na kompyuta kwa ajili ya taa moja wana lao jambo.

Lakini nani anaziua hizo transista? Ni huyu anayechomoa kichwa cha betri injini inanguruma, eti anapima oltaneta, ile mashine inayochaji betri. Oltaneta isiyo na kinga, betri ikitoka ghafla wakati inachaji kwa nguvu, inaweza kurusha volti 80 na zaidi kwenye mfumo wa volti 12. Kisanduku cha kompyuta kinakufa, bili anapewa mwenye gari, na juu yake hotuba kwamba magari ya siku hizi ni mabovu.