Malengo Yangu Yanakosa Kamati

Kila mwaka mpya unapoingia, jiji zima la Dar es Salaam hunihimiza niandike malengo. Mtangazaji wa redio hunihimiza alfajiri nikiwa nimebanwa mlangoni mwa daladala ya Gongo la Mboto, mchungaji hunihimiza kwenye mkesha, na kijana anayeuza shajara Kariakoo hunihimiza kwa bei ambayo tukipatana hushuka karibu nusu. Nami huandika. Lengo langu ni moja na halijabadilika: kujenga msingi wa nyumba katika kiwanja changu cha Chanika, ambacho kwa sasa mbuzi wa jirani wanakifaidi kuliko mimi niliyekinunua mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mwaka 1981, Mmarekani George T. Doran aliandika katika jarida la Management Review kwamba lengo linapaswa kuwa mahususi, lipimike, liwe na mtu aliyekabidhiwa, liwezekane na liwe na muda wake. Ni masharti mazuri, ila katika jiji hili sijaona anayeyatimiza yote isipokuwa kamati ya harusi.

Itazameni kamati ya harusi. Lengo lake ni mahususi, kwa kuwa ukumbi unajulikana na rangi ya sare imekwisha kuamuliwa. Linapimika, kwani kila usiku mweka hazina hurusha kwenye kundi la WhatsApp orodha ya majina, aliyelipa akiwa na alama ya tiki na mimi nikiwa na neno "ahadi" linalosomwa na wakwe zangu wote. Wa kukabidhiwa wapo tele: mwenyekiti, katibu, mtu wa vinywaji, mtu wa magari, na yule mama asiye na cheo ambaye kazi yake ni kunipigia simu tarehe ya mshahara. Mwanasaikolojia Edwin Locke naye alionyesha mwaka 1968 kwamba lengo gumu na mahususi huzaa matokeo kuliko kumwambia mtu ajitahidi awezavyo, jambo ambalo kamati zetu zinalifahamu vyema, maana hakuna kadi ya mchango iliyowahi kuniomba nitoe nilicho nacho. Kiwango huchapwa, cha mtu mmoja na cha mtu na mwenzi wake.

Matokeo yake ni kwamba watu wanaoana kila Jumamosi, kamati zinavunjwa kwa sherehe nyingine ambayo nayo ina mchango, na msingi wangu unabaki kwenye shajara. Fedha ya nondo imekuwa keki ya ndugu wa mke wangu. Fedha ya kokoto imepanda jukwaani ikiwa friji ya bibi harusi, na mimi nikaipigia vigelegele.

Basi nikaona dawa ya moto ni moto, nikaunda kamati ya msingi. Nilichapisha kadi zenye maua pembeni, nikaweka kiwango cha chini, nikamwomba shemeji yangu awe mwenyekiti kwa sababu katika kudai watu fedha hana mpinzani Tabata nzima. Wajumbe walifika wote tena kwa wakati, jambo ambalo lingepaswa kunishtua mapema.

Ajenda ya kwanza ilikuwa chakula cha wajumbe. Ya pili ilikuwa sherehe ya kuweka jiwe la msingi, ambayo shemeji alisisitiza kwamba haiwezi kufanyika bila turubai, muziki na mshereheshaji, na akina mama wakapitisha kitenge cha sare kabla sijanyoosha mkono. Nilipouliza kwa heshima zote kuhusu saruji, katibu alipekua daftari lake, akanijibu kwamba saruji itajadiliwa kwenye mengineyo, muda ukiruhusu.