Kupima jeni ya kansa kwa kila mwanamke: King ana hoja, ila Kigoma tuanzie kwa mgonjwa

Mary-Claire King, mtafiti wa Marekani, sisi wa Kigoma tungetakiwa tumjue hata kabla ya mambo ya kansa, maana mwaka 1975 yeye na mwalimu wake Allan Wilson ndio walionyesha kwamba protini za binadamu na za sokwe, hawa hawa wa Gombe, zinafanana kwa karibu 99%. Baada ya hapo akang'ang'ana na kansa ya matiti miaka mingi, wenzake wengi wakiamini ni ugonjwa wenye sababu nyingi mno, hauwezi kurithiwa kupitia jeni moja. Mwaka 1990 akatoa majibu: familia 23, wagonjwa 146, na kwenye zile koo ambazo wamama wanaugua wakiwa bado vijana, tatizo lipo kromosomu ya 17 (kifurushi kimojawapo cha jeni ndani ya seli). Ndo hiyo jeni ya BRCA1, ambayo timu nyingine iliyokuwa Utah iliipata yenyewe 1994.

Mwaka 2014 sasa akapendekeza kwamba Marekani kila mwanamke akifika miaka 30 apimwe BRCA1 na BRCA2, jeni nyingine inayoleta kansa hiyo ikiwa na hitilafu, awe na historia ya kansa kwao au asiwe nayo. Je, na sisi tulitake hilo?

Hoja yake ni nzito jamani. Alifanya utafiti Israeli kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya, akaanza na wanaume wazima wasioumwa, akipata mwenye jeni yenye hitilafu anafuata ndugu zake wa kike, na nusu ya familia alizozikuta hivo hazikuwa na historia yoyote ya kumshtua daktari. Sababu ni kwamba jeni inapita hata kwa baba, yeye mara nyingi haugui, ila kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuichukua. Na mwanamke mwenye BRCA1 yenye hitilafu, hadi afike miaka 80, uwezekano wa kansa ya titi ni kama 72%, ya ovari (viungo vya mayai ya uzazi) kama 44%. Kumgundua akiwa tayari anaumwa, kwa King, ni kwamba kinga imeshafeli, na hapo simpingi kabisa.

Ila wale wa Israeli wana hitilafu tatu zinazojulikana, unapima hizo tatu basi. Kwetu hakuna orodha fupi ya hivo, na kumbukumbu kubwa za jeni duniani zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwahiyo Mwafrika akipimwa yuko kwenye hatari zaidi ya kuambiwa kuna badiliko ila haijulikani kama lina madhara. Mama wa Ujiji aende nyumbani na jibu hilo alifanyie nini? Na hata jibu likiwa wazi, kinachofuata ni kipimo cha picha cha MRI kila mwaka au operesheni ya kutoa ovari na pengine matiti, wakati mtu akipewa rufaa Maweni, hospitali yetu ya mkoa, kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Alafu kansa ya kurithi ni kama 5 hadi 10% tu ya kansa za matiti, na inayoongoza kwa wamama wetu ni ya mlango wa kizazi, inayotokana na kirusi cha HPV ambacho chanjo yake ipo. Hela ikiwa ndogo chanjo itangulie.

Kinachonisumbua zaidi hata sio mashine, ni mazungumzo. Huku kwetu wengi wanajua DNA ni ya kupima mtoto ni wa nani, kwahiyo mwanaume akisikia mke wake na watoto wanatakiwa watolewe damu ya DNA, nyumba inaweza kuvunjika kabla hata majibu hayajatoka, na kweli familia ikipimwa pamoja siri za namna hiyo zinaweza kufichuka. Bado kuna mabinti wa ukoo huo watakaotafuta wachumba. Ndo maana mshauri wa jenetiki anakaa na mtu KABLA ya damu, anachora ukoo vizazi vitatu, anamwambia jibu hili litawagusa na dada zako, una haki ya kukataa.

Mimi naona tuanze na mwenye kansa tayari, hasa aliyeugua kabla ya miaka 50 au mwenye kansa ya ovari, apimwe yeye kwanza, ikionekana hitilafu ndo ndugu zake waitwe kupimwa hiyo hiyo moja, ni rahisi zaidi na jibu linaeleweka. Wa aina ya wale wa King, wasio na historia yoyote, tutawakosa, na hiyo ni hasara kubwa sitaki kuificha. Tunaweza kuipunguza kidogo kama nesi wa Maweni anayeandika historia ya mgonjwa atauliza pia kuhusu mashangazi na bibi mzaa baba, sio kuishia kwa mama na mama wadogo, na akafundishwa cha kusema mgonjwa akijibu kwamba wawili walikufa na uvimbe wa titi.